Mwinjilisti Aliyekalisha Maandiko

Upande wetu wa vilima vya Itaka kila mtu alimwita Mwinjilisti, hata wale wasiokanyaga kanisani, hata mkewe. Jina alikuwa nalo na mimi nalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu ameacha wajukuu, na wajukuu hawana kosa. Alikozaliwa na ukoo wake nawaachia wao. Mimi naandika niliyoyaona. Niliyaona kwa karibu, maana mtu huyu ndiye aliyenisaidia kuwaweka wadogo zangu watatu chini ya paa moja, na ndiye aliyefanya niwapoteze.

Alikuwa mrefu, mabega yameinama kama ya mtu anayeingia kila siku kwenye mlango mfupi. Jumapili alivaa tai nyeusi, ile ile moja, na miguuni viatu vya matairi. Biblia yake aliizungushia kipande cha mfuko wa mbolea na kuifunga kwa kamba ya katani, hivyo kabla ya kusoma tulingoja afungue fundo, na fundo lilikuwa gumu. Alikuwa na baiskeli ya kanisa lakini aliikokota tu. Alisema mtu aliye juu ya baiskeli hasikii wanachosema wanaotembea. Wengine walisema anaogopa mteremko. Mbwa aliwaogopa wazi wazi, hakuficha. Akifika mji wenye mbwa alisimama mbali na kuimba pambio mpaka atoke mtu wa kumpokea.

Kazi yake hasa, ile iliyomfanya asahaulike kwa shida, ilikuwa kukalisha maandiko. Neno hilo ni lake. Alisema andiko halijasomwa mpaka likae mahali, kama mgeni ambaye hajafika mpaka apewe kigoda. Akimaliza kusoma alifunga kitabu, akatutazama, akauliza, "Hili linakaa wapi?" Nasi tulijibu. Yule mwanamke aliyewasha taa na kufagia nyumba nzima akitafuta kilichopotea alikaa kwa jirani yetu, aliyepoteza sindano ya kuazima akachambua majivu siku mbili. Wanawali watano waliopungukiwa mafuta walikaa kwenye duka la kijiji, mwaka ambao mafuta ya taa yalikuwa yakionekana ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kuliko kwetu. Watu walicheka kanisani. Mahali pengine mtu hacheki kanisani, lakini kwetu ilikuwa hivyo, na mtoto wa miaka mitano alitoka pale anajua kwamba Biblia imeandikwa juu ya watu anaowaamkia kila asubuhi.

Wachina walipokuwa wakijenga reli alitupeleka tukaone, watu kama ishirini, tukatembea tangu alfajiri. Tulikuta mashine zinakata kilima na kumwaga udongo wake bondeni. Mwinjilisti alivua kofia. Akasema nabii aliandika kwamba kila bonde litainuliwa na kila mlima utashushwa, na watu wakasoma miaka mingi bila kuelewa kwa sababu hawakuwahi kuona kilima kikishushwa.

Mzee mmoja aliyekuwa amechoka kwa mwendo akauliza, "Kwa hiyo Bwana atakuja na treni?"

"Atakuja na anachotaka," Mwinjilisti akasema. "Wewe angalia bonde."

Alikuwa na rafiki ambaye hakuna aliyemtarajia: mfanyabiashara Mwislamu wa Tunduma, mtu wa kutoka Tanga, mwenye lori. Sisi tulimwita hivyo hivyo, Mwenye Lori. Alipita kwetu kununua maharage, na kila alipopita walitaniana.

"Padri, Jumapili hii umenikalisha wapi?"

"Mimi si padri, nina mke."

"Basi shehe."

"Nimekukalisha juu ya mti, na yule mtoza ushuru mfupi. Ukishuka nitakula kwako."

"Karibu. Ila mtoza ushuru ni yule wa pale mpakani. Mimi ndiye ninayetozwa."

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alihubiri dhidi ya pombe kwa ukali, lakini togwa nyumbani kwake ilikaa siku nne kwa makusudi, na siku ya nne haikuwa togwa tena. Andiko la chumvi ya dunia alilikalisha kwetu sote, lakini kuazima chumvi jikoni kwake ilikuwa sawa na kung'oa jino. Harusini alilia mpaka maharusi wakaona haya. Msibani macho yake yalikuwa makavu.

Baba yangu alipofariki nilikuwa darasa la nne. Mama alimfuata kabla ya mavuno. Niliacha shule Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa shambani na jembe la mama. Waliobaki nyuma yangu ni Zakaria, Eliza na Sikujua, ambaye alikuwa bado ananyonya. Ndugu wa baba walikaa kikao kutugawa. Baba mdogo angemchukua Zakaria achunge, shangazi wa Ileje angemchukua Eliza, na mtoto mchanga angeenda kwa yeyote mwenye maziwa. Mimi nilikuwa na umri wa kuolewa, au karibu yake. Hawakuwa watu wabaya. Hivyo ndivyo yatima wanavyogawanywa, na wengi hukua.

Mwinjilisti alikuja kikaoni bila kuitwa. Alifungua fundo lake taratibu, wazee wakingoja kwa adabu, akasoma habari ya askari waliogawana mavazi ya Yesu chini ya msalaba. Walipofika kwenye kanzu wakakuta haina mshono, imefumwa nzima, wakasema tusiipasue.

"Linakaa wapi?" akauliza.

Baba mdogo hakuwa mtu wa kanisa sana. Akasema, "Mwinjilisti, hapa tunazungumza mambo ya ulezi na maziwa."

"Linakaa hapa. Hawa ni kanzu moja. Hata wauaji hawakuipasua. Ninyi ni baba zao, mtaipasua?"

"Na nani atawalisha?"

Akanionyesha kwa kidole. "Mwulize huyu."

Waliniuliza, nami nikasema nitaweza. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa amenionyesha. Tangu siku ile nilimwamini mtu yule kuliko nilivyoamini jua kuchomoza, na kwa miaka minne hakunipa sababu ya kutomwamini. Aliwatuma vijana wa kanisa watulimie ekari ya kwanza. Mkewe alimpa Sikujua maziwa ya mbuzi. Nilijifunza kusokota kamba, kupanda kihenge na kuezeka upya, kuwapiga wadogo zangu bila hasira. Tulilala wanne kwenye ngozi mbili. Hakuna aliyetoka.

Ujamaa ulipokuja, Mwinjilisti aliupokea kabla wanasiasa hawajamaliza kuueleza. Alisema jambo hili si geni, waumini wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika, hakuna aliyesema kitu ni chake. Katibu kata alimpenda kwa hilo. Alimpandisha jukwaani kwenye mikutano, na mara nyingi watu walimsikiliza yeye zaidi ya katibu kata. Naamini hapo ndipo kitu kilipoanza kuharibika ndani yake, ingawa wakati ule niliona fahari tu. Zamani alikuwa akituuliza andiko linakaa wapi na kutungoja. Sasa aliuliza na kujibu mwenyewe.

Mwaka wa kuhamia vijijini tuliambiwa tushuke kutoka vilimani, twende kando ya barabara kuu, ambako viwanja vimepimwa. Tungehama Jumatatu. Jumapili yake kanisa lilijaa mpaka nje. Alisoma habari ya mke wa Lutu, aliyegeuka kutazama nyuma akawa nguzo ya chumvi. Halafu akasoma maneno ya Bwana, kwamba siku hiyo aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu vyake, na aliye shambani asirudi nyuma.

"Linakaa wapi?" akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka. "Linakaa hapa, kesho asubuhi. Shika mtoto, shika jembe, shika chungu na chakula cha siku chache. Vingine viache. Aliyetuandalia hapa ametuandalia na kule. Asibaki mtu nyuma kulinda kitu. Anayebaki kulinda kihenge, moyo wake uko Sodoma."

Kihenge chetu kilikuwa kimejaa. Ulezi chini, mahindi juu, tulivyovipalilia sisi wenyewe. Usiku ule Zakaria, aliyekuwa na miaka kama kumi na minne, aliniambia, "Dada, mimi nibaki na kihenge siku mbili tatu. Nitawafuata."

"Umesikia neno kanisani."

"Nimesikia. Nasema siku mbili tatu."

"Zakaria, tunaenda wote."

Hakubisha tena. Nilifikiri nimelinda kanzu isipasuke.

Lori la mfanyabiashara yule lilikodiwa kubeba wazee na wagonjwa. Sisi wengine tulitembea. Nilimfunga Sikujua mgongoni ingawa alikuwa mkubwa, nikamwambia asigeuze kichwa. Aliniuliza kuhusu paka. Nikamwambia paka atakuja. Watu wa kanisa tulitambulikana njiani kwa shingo zetu zilizokakamaa. Wasio wa kanisa waligeuka walivyotaka, na wengi wao walikuwa wameacha mtu nyumbani.

Kule tulikuta vigingi vya viwanja, na nyasi. Tulijenga vibanda. Jumatano jioni lori lilirudi kutoka vilimani limebeba magunia, na jirani zetu wasio wa kanisa wakashusha nafaka yao. Sisi tukatazamana. Mwinjilisti alikuwa pale. Alisema Mungu hajaribiwi, akaondoka na baiskeli yake.

Nilishika neno lake siku tisa. Siku ya kumi nilirudi peke yangu. Mvua ilikuwa imetangulia mapema mwaka ule, na nyumba za zamani zilikuwa zimeezuliwa ili watu wasirudi, kihenge chetu kikaezuliwa pamoja nazo. Mahindi ya juu yalikuwa yameota, kijani kizuri kabisa, kama kitalu. Chini yake ulezi ulikuwa umeoza na kushikana kama udongo wa mfinyanzi. Nilitia mkono mpaka kwenye bega nikitafuta pakavu. Hapakuwepo.

Mwenye Lori alinikuta barabarani wiki hiyo. "Binti, Jumatano ile mlikuwa wapi? Nilipiga honi hapo kwenu mpaka nikachoka. Nilisema mapema kwamba nitarudi kwa nafaka."

"Ulimwambia nani?"

"Niliwaambia wakubwa wenu."

Nilifikiri anadanganya. Kwangu ilikuwa rahisi mfanyabiashara wa Tunduma awe mwongo kuliko Mwinjilisti.

Njaa ya miezi ile sitaieleza yote. Kijiji kiligawa kilichokuwepo, kidogo kidogo, na mashamba mapya yalikuwa bado pori. Tulikula mizizi, tulikula mbegu. Surua ilipoingia ilikuta watoto hawana kitu mwilini. Sikujua aliugua siku sita, akafa asubuhi, wakati Eliza alipokuwa ameenda kuteka maji.

Mwinjilisti alikuja na Biblia. Aliingia kibandani, akamtazama mtoto, na badala ya kufungua fundo alitusimulia bila kitabu habari ya binti wa yule mkuu wa sinagogi. Akasema, "Msilie. Hakufa, amelala." Hakuuliza linakaa wapi. Alipiga magoti, akamshika Sikujua mkono, akamwita kwa jina amke. Akamwita mara ya pili. Wanawake waliokuwepo waliinamisha vichwa, si kwa sala. Mimi nilimtazama mtoto, kwa sababu nilikuwa bado namwamini mtu huyu, na kwa muda ule, Mungu anisamehe, nilingoja.

Aliuweka mkono chini. Akatoka nje, akaomba jembe, akachimba kaburi peke yake, akakataa kupokewa. Hakusema neno juu ya lile kaburi. Mzee mwingine ndiye aliyeomba.

Baada ya hapo kanzu ilipasuka yenyewe. Baba mdogo alikuja, safari hii bila kikao. Eliza alipelekwa kwa shangazi kwenye milima ya Ileje, akaolewa huko akiwa mdogo. Zakaria hakungoja kupelekwa popote. Aliniambia, "Nilikuomba siku mbili tatu," akaenda Tunduma kubeba mizigo, halafu akavuka mpaka. Alikuwa ametimiza miaka kumi na mitano. Sikupata barua. Wafanyabiashara waliniambia mara kwa mara kwamba yuko, anauza nguo ng'ambo, anaitwa kwa jina jingine.

Mwinjilisti aliendelea kusoma kanisani miaka mingi. Alisoma vizuri, sauti ile ile, akafunga kitabu, akakaa. Hakuna aliyemsikia tena akiuliza swali lake. Vijana waliokua wakati huo walimjua kama mzee mkimya anayesoma. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Tulisalimiana, akaniuliza shamba, nikamjibu shamba. Miaka tisa.

Mwaka ule ambao sabuni ilikuwa haipatikani hata kwa foleni, alikuja kwangu mchana, bila baiskeli. Nilikuwa nachambua maharage uani. Nilimpa kigoda. Alikuwa amezeeka haraka.

"Nimekuja na jambo, binti."

"Karibu, Mwinjilisti."

"Ile Jumamosi kabla hatujahama, mwenye lori na katibu kata walinikuta njiani. Waliniambia niwatangazie kanisani kwamba kila nyumba iache mtu mmoja. Jumatano lori litarudi kwa nafaka."

Niliendelea kuchambua maharage. Mikono ilifanya kazi yenyewe.

"Mahubiri nilikuwa nimeshayaandaa," akasema. "Yalikaa vizuri, binti. Maisha yangu yote sikupata andiko lililokaa vizuri namna ile. Mlima, mji unaoachwa, watu kwenye njia. Nikaona nikitangaza habari ya lori nitalibomoa. Nikajiambia Mungu atajaza vihenge vya kule."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na siku ya Jumatano ulipoona magunia?"

"Nilitaka kusema. Nikaona haya."

Kuku walikuwa wakidonoa maharage yaliyoanguka. Niliwaacha. Kisha akasema alichojia, kwamba anaomba nimsamehe kwa ajili ya nyumba yetu yote.

Nilimjibu polepole, maana nilitaka asikie kila neno. "Neno la msamaha la Sikujua siwezi kukupa mimi. La Eliza anaweza kukupa mwenyewe, yeye ana moyo laini. La Zakaria liko ng'ambo. Kamwombe. Mwambie dada yake hakujua habari ya lori. Mwambie arudi nyumbani, hata kwa siku moja. Ukirudi, langu nitakupa."

"Nitakwenda," akasema.

Alikuwa mzee na nauli hana. Ningeweza kumwita arudi. Alifika njia panda, akakunja njia ya kupitia kijiji cha Mpemba kwenda Tunduma kwa miguu, nami nikarudia maharage yangu.

Alirudi siku ya kumi na mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimpa maji. Aliyanywa yote kabla ya kusema.

"Nimemwona. Mwenye Lori alinipeleka mpaka kwenye kibanda chake, sokoni. Ana mke, ana watoto wawili. Wa kike ana sura yako."

"Amenenepa?"

"Kidogo. Ana jino moja limetoka, hapa mbele."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia yote. Nilimsemesha Kinyiha, lugha yetu. Alijifanya haelewi, akanijibu Kibemba cha ng'ambo. Nikamwambia kwa Kiswahili. Nikamwambia kosa ni langu, dada yako hakujua. Aliendelea kukunja nguo." Mwinjilisti alitazama chini. "Mwisho akasema Kiswahili safi kabisa. Akasema, 'Mzee, umekosea mtu. Mimi kwetu ni hapa. Dada sina.'"

Nilimwuliza kama mkewe alikuwa anasikia. Nilitaka iwe aliogopa mke, au aliogopa mambo ya karatasi za mpakani.

"Tulikuwa wawili tu," akasema.

Hakusoma kitu, hakutaja andiko. Nilimtilia uji, akaunywa, mwingine ukamwagika kwenye ile tai ya Jumapili aliyoivaa kwa safari. Nilikuwa nimemwahidi langu akirudi, na alikuwa amerudi. Neno lenyewe ni fupi, nilikuwa nalo tayari mdomoni. Nilingoja aliombe. Nadhani yeye aliona hana haki ya kuliomba tena, kwa kuwa hakuniletea mtu. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni kwetu. Akaweka bakuli chini, akashukuru kwa uji, akaenda.

Mvua za mwaka ule hazikumkuta hai. Nilikwenda msibani, nikapika na wanawake wenzangu, nikateka maji ya waombolezaji. Langu bado ninalo.